Hatua Kumi na Mbili Kabla ya Kichuguu

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, mwanangu. Jua lilikuwa limekausha nyasi za Uasin Gishu mpaka ukizikanyaga zinalia, nami kijana wa miaka ishirini na mmoja nimesimama nyuma ya plau, nikitazama kipande kidogo cha ardhi kilichobaki mbele yangu. Kilikuwa hatua kumi na mbili. Nilikuja kuzihesabu baadaye, wakati sikuwa na budi kuzihesabu. Siku hiyo niliona tu kwamba ni kidogo.

Nakusimulia habari hii kwa sababu ya jana. Uliliacha lango bila kulifunga, mtamba akaingia kwa jirani akala kabichi za watu, nawe ukaja kuniambia, "Ni bahati mbaya tu, Babu." Sikukujibu. Mtu wa umri wangu akijibu akiwa na hasira hupoteza pumzi bure, na pumzi zenyewe sasa hazitoshi. Nimelala, nimeamka, hasira imepungua. Kaa hapo unisikilize.

Enzi hizo mashamba yote kutoka Soy kuja mjini yalikuwa ya wazungu, wengi wao Makaburu. Wetu tulimwita Mandevu, na ukimwona mara moja tu usingeuliza kwa nini. Alilima ngano. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Bukusu kutafuta kazi, nikapewa maksai wanane na plau. Nisijisifu sana, lakini mstari wangu ulikuwa umenyooka.

Ngano ikikauka, adui yake ni mmoja: moto wa nyasi. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mavuno kumalizika, tulilima mkanda wa udongo mtupu kuzunguka shamba lote, mistari minane ikilala bega kwa bega, ili moto ukija ukose cha kula. Kazi hiyo ilifanywa na plau mbili. Mnaanzia pamoja barabarani mkiwa mmepeana migongo, huyu anaenda kulia, yule kushoto, mnalima kipande kwa kipande mpaka mkutane upande wa pili. Mkikutana, mkanda umefunga, na mwenye shamba analala usingizi.

Mwenzangu wa plau ya pili alikuwa Kiptoo, Mnandi, rika langu, kijana wa maneno machache. Alikuwa mtoto wa pekee wa mjane mmoja mzee ambaye sisi sote tulimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Waliishi palepale shambani, ndani ya ule mkanda, upande wa magharibi, katika nyumba ya nyasi yenye ua wa miti na ng'ombe wao watano. Sikia jambo hili vizuri, maana kila kitu kitarudi hapa: Kiptoo alikuwa na ruhusa ya kukaa pale kwa sababu ya kazi. Mandevu akimfukuza mtu kazi, amemfukuza na nyumba yake, na mama yake, na ng'ombe wake. Mimi sikuwa na cha kufukuzwa nacho ila blanketi.

Tulikubaliana na Kiptoo kwamba tutakutana kwenye kichuguu kikubwa cha upande wa mashariki. Hatukumwambia mtu mwingine, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kogo peke yake ndiye aliyesikia, maana alikuwa ametuletea maziwa kwenye kibuyu na amesimama akingoja tumalize kunywa.

Jumamosi ile Kiptoo alifika kwenye kichuguu adhuhuri. Alisema kichwa kinamgonga, akafungua ng'ombe wake, akaenda nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma kidogo. Nilipokaribia, ardhi ikawa ngumu, plau ikawa inarukaruka inakataa kuzama, na saa tisa ilikuwa imefika. Kule Soy kulikuwa na msichana aliyenitarajia. Huyo si nyanya yako, kwa hiyo usiende kumwuliza mambo. Shati langu nililifua tangu Ijumaa, na Soy ni maili sita kwa miguu.

Nikajiambia hivi, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mkanda huu una urefu wa karibu maili tatu. Moto upate wapi bahati ya kuja kupita hapa, hapa hasa, kabla ya Jumatatu?" Nikafungua nira. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini kijana mwenye shati safi hana masikio ya methali. Jioni nilipopita kwa nyapara kuaga nilimwambia tu, "Kazi yangu nimemaliza, Mzee." Usiku huohuo Kiptoo akashikwa na homa kali, hata akawa hamtambui mama yake.

Moto ulikuja Jumapili mchana, baada ya kanisa. Ulitokea mashariki, kwenye nyasi zisizo na mwenyewe, na mpaka leo hakuna ajuaye ulianzia wapi. Tulitoka wote na magunia yaliyoloweshwa na matawi. Mwanangu, umeona moto wa jikoni na moto wa kuchoma takataka. Ule ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa ukinguruma, na swala na sungura walitupita miguuni bila kutuogopa, kwa sababu walikuwa na kitu kikubwa zaidi cha kuogopa. Juu yake ndege wakubwa walizunguka ndani ya moshi. Niliogopa, lakini pia nilishindwa kuondoa macho.

Ulifika kwenye mkanda ukasimama. Tulipiga kelele za furaha, na Mandevu mwenyewe alirusha kofia. Moto ukawa unatembea kando ya mkanda, ukionja udongo, ukikosa, ukisonga mbele. Ulikosa kusini. Ulikosa katikati. Nami nilisimama na gunia langu mkononi nikiutazama ukielekea kwenye kichuguu polepole, kama ng'ombe anayejua lango la zizi liko wapi. Ulipofika pale penye nyasi zangu, uliingia.

Sikupiga kelele na wenzangu. Ngano ilishika moto yote kwa pamoja, upepo ukausukuma magharibi, na kule magharibi ilikuwa nyumba ya Kogo, na ndani yake Kiptoo amelala hajijui. Tulikimbia. Binadamu hawezi kushindana na moto ulio na upepo mgongoni. Nilimwona Kogo kwa mbali mlangoni, amemshika mwanawe kwapani, anamvuta, anashindwa, anamvuta tena. Nililia nikikimbia, na sioni haya kukuambia.

Hapo ndipo kilipotokea kile ambacho nimekieleza mara nyingi na sijaweza kukieleza. Ulikuwa mwezi wa kwanza. Wazee waliokuwapo walisema hawajawahi kuona mvua mwezi huo, hata tone. Juu yetu palikuwa na wingu moja, jeusi, ambalo tulidhani ni moshi. Lilipasuka. Ilianguka mvua ya mawe, mawe ya ukubwa wa yai la kuku, kwa kishindo ambacho kilinyamazisha moto wenyewe. Ilipiga shamba lile tu. Kule barabarani vumbi halikulowa.

Ilipokwisha tulitembea mpaka kwenye ua wa Kogo. Ile miti ya ua, mwanangu, upande wa nje ilikuwa makaa, upande wa ndani ilikuwa na gome lake. Niliigusa kwa mkono wangu. Mandevu alikuwa amesimama kichwa wazi, mawe yamempiga upara mpaka umevimba, wala hakujishika.

Asubuhi ya Jumatatu Mandevu alizunguka mkanda, akakuta pale pengo lilipokuwa. Alituita wote. Kiptoo bado alikuwa kitandani.

"Nani nawacha hapa?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha Kikaburu.

Nyapara akasema kwamba mimi nilitoa habari Jumamosi jioni kuwa nimemaliza. Mandevu akanitazama.

"Wewe namaliza?"

Nikasema, "Bwana, hii ni bahati mbaya tu." Angalia nilivyojibu. Sikusema ndiyo wala sikusema hapana. Nililichukua neno bahati nikajifunika nalo gubigubi.

Mandevu alifikiri kidogo, akasema: mmoja alikuwa mzima na mmoja alikuwa mgonjwa, basi aliyeshindwa kufika ni mgonjwa. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila haikuwa kweli. Akatoa amri kwamba Jumatano, homa ikishuka au isishuke, Kiptoo na mama yake na ng'ombe wao wawe wametoka shambani. Nami nilisimama pale na ulimi wangu mdomoni.

Siku nzima watu walipita kwa Kogo kumpa pole. Nyapara alimwambia ni bahati mbaya. Wake za wafanyakazi walimwambia ajali haina kinga. Jioni, jua likiwa bado juu kidogo, nami nikaenda, kwa sababu nisipoenda watu wangeuliza. Nilimkuta ameketi mlangoni akisafisha kibuyu cha maziwa kwa kijiti kilichoungua, jinsi wafanyavyo ili maziwa yakae na harufu nzuri. Ndani nilimsikia Kiptoo akipumua kwa shida.

"Pole sana, Kogo," nikasema. "Ni bahati mbaya."

Aliendelea kusugua. Kisha akasema, "Wafula, keti. Hii neno bahati ni nini? Watu wote nasema tangu asubuhi. Mimi Kiswahili yangu ni ya kununua chumvi tu. Wewe umesoma misheni. Nieleze."

Nilifurahi kuulizwa, mjinga mimi. Nikamweleza kama mwalimu. "Bahati ni kitu kinakuja chenyewe, Kogo. Hakuna mtu amekileta. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbaya."

"Kama mvua ya jana."

"Ndiyo. Hiyo ni bahati nzuri kabisa."

Akavunja kipande cha kaa kutoka kwenye kile kijiti, akakiweka chini upande wake wa kulia. "Hakuna mtu aliita mvua," akasema.

"Hakuna."

"Na homa ya Kiptoo?"

"Hiyo pia ni bahati. Mbaya."

Akavunja kipande cha pili, akakiweka pale pale. Akauliza upepo. Nikasema upepo nao ni bahati. Akauliza moto, kule ulikoanzia. Nikasema hatujui, basi tuseme bahati. Vipande vinne vikawa vimepangwa kwa ustadi kwenye vumbi. Kisha akavunja cha tano, akakishika hewani kati ya vidole viwili.

"Na zile nyasi kati ya plau yako na kichuguu," akasema. "Hii nitaweka wapi?"

Mwanangu, nimewahi kusimama mbele ya hakimu. Nimewahi kusimama mbele ya daktari aliyenipa habari ya mke wangu. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama nilipoketi siku ile.

"Nilikuona unafungua ng'ombe," Kogo akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nakuja kuchukua kibuyu Kiptoo alisahau hapo. Jua lilikuwa bado juu."

"Kwa nini hukumwambia Mandevu?" Nilisema kwa sauti ndogo sana.

"Mimi ni mama ya Kiptoo. Nikisema mimi, Mandevu atasema mama anaficha mtoto yake. Hii kaa siwezi kubeba. Ina mwenyewe." Akachukua mkono wangu, akaufungua, akaliweka lile kaa kwenye kiganja. "Moto haina bahati, Wafula. Moto inatafuta nyasi. Nyasi uliacha wewe."

Nilidhani amemaliza, nikataka kusimama. Akanishika.

"Jana juu ilifunguka hapa, mwezi ya jua, mtoto wangu akapona. Mimi ni mzee na sijaona kitu kama hiyo. Kama neno ya kusema hiyo ni bahati, basi ni neno kubwa, mtu anafaa kusema akiwa amesimama. Wewe umechukua neno hiyo hiyo unafunika nayo uvivu yako. Si aibu?"

Ilikuwa aibu. Na zaidi ya aibu, nilishikwa na hofu ambayo haikuwa ya Mandevu wala ya kufukuzwa. Niliona kwamba jana nilisimama mbele ya jambo ambalo wafalme hawalioni, na leo nimelitumia jina lake kama kitambaa cha kufutia matope. Wazee hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mimi maradhi yangu yangemuumbua mtu mwingine.

Sikungoja giza. Nilipita kwenye kichuguu, nikapima pengo kwa miguu yangu, hatua kumi na mbili, nikaenda moja kwa moja kwa Mandevu. Alikuwa barazani akivuta kiko. Nilivua kofia.

"Bwana, nyasi niliacha mimi. Kiptoo alifika kwenye kichuguu. Hapo ndipo tulikubaliana tukutane. Mimi nilifungua ng'ombe mapema, nikaenda Soy."

Alitoa kiko mdomoni. "Hatua ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kwa nini nasema sasa?"

Nilifungua kiganja nikamwonyesha, mkono mweusi tii, kaa limeshasagika kwa jasho. Sijui alielewa nini. Alitazama kule magharibi, kwenye ule ua ulioungua upande mmoja, akajigusa uvimbe wa kichwani. Kisha akasema, "Wewe kwenda. Mama nakaa." Aliandika maneno mabaya kwenye kipande changu, ile karatasi ya kazi ambayo kila mwajiri aliisoma kwanza, na msimu mzima hakuna shamba lililonipokea. Hakunichapa, na wakati ule hilo lilikuwa la kushangaza.

Kesho yake alfajiri nilimwomba nyapara maksai kwa muda mfupi. Alinicheka. Ngano yote imekuwa majivu, unalinda nini? Hata hivyo alinipa. Udongo ulikuwa umelainishwa na ile mvua, plau ikazama kama kisu kwenye siagi. Nililima zile hatua kumi na mbili mpaka kwenye kichuguu, mistari yote minane. Ilikuwa kazi ya muda mdogo kuliko wa kunywa chai. Ndiyo kazi niliyoona nzito Jumamosi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilipokuja na udongo wangu ukuta ulikuwa umeshaanguka.

Nilipopita kuaga, Kiptoo alikuwa ameketi, amekonda, homa imeshuka. Aliniambia, "Nimesikia." Kogo alininywesha mursik, maziwa yao ya kugandisha, kutoka kwenye kile kibuyu. Kisha akasema nifungue mikono. Nikaifungua, ule mweusi na ule safi. Akatema mate kidogo kwenye viganja vyote viwili, jinsi wazee wa Kinandi wanavyobariki, akavikunja vidole vyangu juu yake, akaniacha niende. Nilitembea mpaka Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret, ngumi nimezikunja njia nzima. Sikutaka baraka imwagike.

Sasa nitakuambia lile nililokuitia. Walimu wenu wamewafundisha maneno mengi ya mambo yanayotokea yenyewe: bahati, nasibu, sadfa. Ni maneno mazuri, yatumieni. Lakini kabla ya kutamka mojawapo, fungua kwanza mikono yako uitazame. Ukiona hakuna alama yako kwenye jambo lile, basi sema bahati, na uliseme neno hilo umesimama, kwa heshima, maana umepitiwa na kitu kikubwa kuliko wewe na mimi. Ukiona kuna weusi kiganjani, hata kidogo, usiseme bahati. Sema "ni mimi." Litakuunguza ulimi siku moja tu. Lile lingine linaunguza nyumba ya mwenzako.

Na usisubiri mtu aliyeumizwa na kosa lako akuletee kaa mkononi. Mimi nililetewa, nikapona. Si kila Kogo ana subira ile, na si kila mwaka mvua itanyesha mwezi wa kwanza.

Mtamba aliingia kwa jirani kwa sababu lango halikufungwa. Mama yule jirani alitegemea kupeleka kabichi zake sokoni, hazipo. Nenda sasa hivi umwambie nani aliliacha wazi, halafu ulifunge lango, hata kama hakuna kabichi iliyobaki ya kulinda.

Lakini njoo hapa kwanza. Lete mikono. Mungu akupe macho ya kuiona kweli, na mdomo wa kuisema, na siku yake atakapofungua mbingu mahali ulipo, akukute umesimama wima. Haya, kunja vidole. Nenda, na usiimwage baraka njiani.